Tuta Lenye Upara: Kisa cha Deizi za Shasta Mjini Kent

Mwezi Aprili, kwenye tuta la maua mbele ya nyumba moja huko Kent, kusini mwa Seattle katika jimbo la Washington, mashina tisa ya deizi za Shasta yalitoka kwenye msimu wa baridi yakiwa katika hali tatu tofauti. Matatu ya upande wa chini, karibu na kona ya nyumba, yalikuwa yamekufa kabisa. Manne ya katikati yalichipua pembezoni tu, yakiuzunguka upara. Mawili ya juu yalikuwa yamechoka lakini mazima. Kiangazi kilichotangulia tuta lote lilikuwa jeupe tangu mwanzo wa Julai, na wapita njia walikuwa wakisimama kulipiga picha.

Mwenye bustani ni mama wa Kitanzania aliyekulia Uporoto, Mbeya, kwenye mashamba ya pareto. Deizi hizi alizinunua kwa sababu hiyo hasa. Ukiliona ua lake kwa mbali, petali nyeupe na moyo wa njano, utaapa ni pareto iliyonenepa, na kweli mimea hii miwili ni ndugu katika ukoo mmoja wa alizeti. (Undugu huo una mpaka. Ua la pareto lina sumu ya wadudu, ndiyo maana kuna kiwanda Mafinga. La Shasta usilikaushe ukidhani utafukuzia kunguni.) Mimi kazi yangu ni kutengeneza bustani za watu, na mama huyu tunasali naye kanisa moja, kwa hiyo aliponiita nilikwenda kama mwana zaidi ya fundi.

Kisa chake kinastahili kuandikwa kwa kirefu kwa sababu karibu kila alichokifanya ni kitu ambacho bwana shamba wa nyumbani angekisifu. Alitandaza. Alimwagilia. Alitia mbolea. Na alifanya vyote hivyo kwa bidii.

Tuta lilivyotunzwa

Aina aliyopanda ni 'Becky', mojawapo ya deizi za Shasta zenye sifa kubwa Marekani. Chama cha Mimea ya Kudumu cha huko kiliichagua kuwa mmea wa mwaka 2003. Vikonyo vyake vya maua husimama karibu mita moja bila kuhitaji mti wa kuegemea, na huchanua kuanzia Julai. Mwaka wa kwanza maua yalikuwa ya kuhesabika, jambo la kawaida. Mwaka wa pili ndio ule wa picha.

Oktoba iliyofuata mama alinunua magome ya miti yaliyosagwa, akayatandaza tutani kwa unene wa kiganja kilichosimamishwa, na akayasukuma hadi yakafunika kabisa mahali majani yanapochipukia. Alitaka yalale joto. Mbolea ya nyasi, yenye naitrojeni nyingi, iliyokuwa ikirushwa kwenye ukoka ilifika tutani pia. Kiangazi vinyunyizio vya ukoka vilitegeshwa vifunguke kila jioni, na tuta likapata mgawo wake humo humo. Gata ya paa ilimwaga maji kwenye ile kona ya chini. Mashina hayakuwa yamegawanywa tangu siku ya kupandwa.

Baridi, na washukiwa wengine

Jibu alilokuwa amepewa, dukani na kwa majirani, ni kwamba baridi ilikuwa kali mwaka ule. Jibu hilo halisimami. 'Becky' hustahimili baridi inayoshuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri. Watu wanaipanda majimbo ambayo theluji hukaa miezi. Kent iko kwenye ukanda ambao usiku wa baridi kali kuliko wote kwa mwaka kwa kawaida haupiti nyuzi 12 chini ya sifuri. Mmea huu haukufa kwa kitu ambacho katika nusu ya Marekani kinaupata kila mwaka na bado unaendelea kuchanua. Tena baridi haichagui kona moja ya tuta lenye urefu wa mita sita na kuacha nyingine.

Nilishuku zaidi ile mbolea ya nyasi. Zipo zinazouzwa zikiwa zimechanganywa na dawa ya kuua magugu ya majani mapana, na deizi, kwa dawa hiyo, ni gugu kama lingine. Lakini dawa za namna hiyo huacha alama: majani hujikunja, vikonyo vinajisokota. Sikuona kitu hicho, na mfuko uliokuwa gereji ulikuwa wa mbolea tupu. Naitrojeni yenyewe ilikuwa na kosa lake dogo, maana majani ya mwaka uliopita yalikuwa mengi na laini mno na vikonyo vikalala baada ya mvua. Haiui mmea, lakini.

Koa walikuwapo. Huku kwetu koa wapo kila mahali, wengine urefu wa kidole, na matundu kwenye majani yalikuwa yao. Koa hula chipukizi, hawaozeshi mzizi. Nilikata vikonyo kadhaa vya mwaka jana nikitafuta michirizi ya kahawia ndani, dalili ya mnyauko unaoletwa na kuvu wa Verticillium. Vilikuwa safi. Nikapapasa chini kutafuta vinundu vigumu vinavyoletwa na bakteria, navyo havikuwapo.

Yakabaki mawili: uzee na maji. Hapo kazi ilikuwa ngumu kidogo, kwa sababu yote mawili huacha upara katikati.

Deizi ya Shasta ni mmea wa kudumu lakini shina moja halidumu sana. Linapanuka kwenda nje, kila mwaka machipukizi mapya yanatokea pembeni, na sehemu ya katikati inabaki kuwa mbao kuukuu isiyochipua. Ndiyo maana hugawanywa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Mtu asiyejua hilo akiuona upara wa mwaka wa tatu hudhani ni ugonjwa, akakimbilia dawa. Hapa ungeweza kusema: basi, ni uzee, gawanya, tumalize. Lakini uzee hauelezi yale matatu ya chini yaliyokufa yote, pembezoni pamoja na katikati, wakati yalipandwa siku moja na wenzao.

Shahidi aliyeota kwenye kokoto

Kando ya njia ya gari, nje kabisa ya tuta, kulikuwa na shina la kumi. Kipande kilichodondoka siku ya kupanda kikajishikiza kwenye kokoto. Hakikuwahi kutandazwa wala kutiwa mbolea, na vinyunyizio havifiki pale. Kilikuwa kimejaa chipukizi za kijani zinazong'aa kuliko mmea wowote uliokuwa tutani. "Hilo hata silitazami," mama aliniambia, kwa sauti ya mtu anayemlalamikia mtoto asiyemlea anayefanya vizuri shuleni.

Kabla ya kulitumia kama ushahidi ilibidi nihakikishe kitu kimoja. Washington kuna deizi nyingine ya mwituni, Leucanthemum vulgare, iliyokuja na walowezi kutoka Ulaya, na leo imo katika orodha ya magugu mabaya ya jimbo. Inapenda sana kando za njia na ardhi duni. Kama lile shina lilikuwa gugu hili, basi kulilinganisha na 'Becky' kungekuwa bure. Namna ya kuzitofautisha ni ukubwa wa ua na majani. Ua la mwituni kwa kawaida halizidi sentimita tano, na majani yake ya chini yana umbo la kijiko lenye mikato mirefu. Majani ya Shasta ni mazito, yanang'aa, na ukingo wake una meno tu. Yale ya kwenye kokoto yalikuwa mazito na ya meno, na mama alikumbuka maua yake yalikuwa mapana kama kiganja.

Kuchanganya hizi mbili si ujinga, maana moja ni mzazi wa nyingine. Luther Burbank, mzalishaji wa mimea aliyehamia Santa Rosa, California, mwaka 1875, ndiye aliyeitengeneza Shasta. Alianza na hiyo deizi ya mwituni, akaikutanisha na ndugu zake wakubwa wa Ulaya, na mwishoni akaingiza deizi ya Kijapani yenye weupe mkali. Kazi hiyo ilimchukua takriban miaka 17, na mwaka 1901 akaitoa sokoni akiipa jina la Mlima Shasta, wenye theluji, kaskazini mwa California. Ninachokichukua kwake kwa ajili ya kisa hiki ni kwamba damu ya mmea huu ina gugu la kando ya barabara ndani yake. Udongo duni unaopitisha maji hauutishi.

Chini ya udongo

Tulichimba. Shina la kwanza la chini lilitoka mkononi bila kuvutwa, na harufu ikatangulia. Mahali majani yanapochipukia, usawa wa ardhi, hapa nitapaita shingo, palikuwa pameoza, peusi, palilainika hadi kidole kinazama. Mizizi ilivuliwa ngozi kwa kuiteleza tu, ikabaki uzi wa ndani.

Mashina ya katikati yalikuwa na hadithi mbili kwa pamoja. Ukikata upara wake kwa kisu, sehemu ya ndani kabisa ilikuwa ngumu, kavu, ya rangi ya mbao. Huo ni uzee. Lakini kuizunguka kulikuwa na mkanda mweusi unaonuka uliokuwa ukienda nje kuelekea machipukizi mazima. Uzee ulifungua mlango, uozo ukaingia. Mawili ya juu yalikuwa na mbao tu bila mkanda huo. Na ya kwenye kokoto hatukuyafukua, hakukuwa na sababu ya kuyasumbua.

Kisha nikachimba shimo la sentimita 30 kwenye kona ya chini, nikalijaza maji, nikayaacha yashuke, nikalijaza tena na kupima. Udongo unaofaa kwa mimea hii hushusha maji angalau sentimita mbili na nusu kwa saa. Asubuhi ya siku ya pili mama alinipigia simu kuniambia maji bado yapo na ndege wanaoga humo.

Sababu iko chini zaidi. Sehemu kubwa ya vilima vya eneo hili, udongo wake wa juu umekalia tabaka gumu lililogandamizwa na barafu kuu za kale, na maji hayalipenyi kwa urahisi. Mkandarasi anapojenga mtaa mpya huparua udongo mzuri, hupitisha mitambo mizito juu ya unaobaki, kisha hutandika ukoka. Tuta la maua la nyumba mpya mara nyingi ni sinia lenye udongo kidogo juu yake.

Halafu kuna mvua yenyewe, na hapa ndipo mtu wa nyumbani anapodanganyika. Eneo la Seattle hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Dar es Salaam hupata zaidi kidogo ya hapo, na hakuna anayesema Dar ni mji wa tope mwaka mzima. Tofauti ni wakati. Dar mvua inapiga, jua linatoka, ardhi inakauka. Huku inanyesha rasharasha tangu Oktoba hadi majira ya kuchipua, wakati mmea umelala, haunywi, na jua la Desemba halikaushi hata nguo. Julai na Agosti, mmea unapokunywa kweli, ni karibu pakavu. Shasta ilikuwa imekaa miezi sita na shingo yake ndani ya magome yaliyolowa, juu ya sinia, na kwenye kona ile ikipokea na maji ya paa zima. Kiangazi nacho, vinyunyizio vya kila jioni havikuruhusu udongo wa juu ukauke, wala majani yakauke kabla ya usiku.

Kwa hiyo hukumu yangu: yale matatu yaliuawa na gata juu ya udongo usiopitisha maji. Yale manne yalikuwa yamezeeka bila kugawanywa, na matandazo yaliyofunika shingo yakaleta uozo kwenye jeraha. Vimelea waliofanya kazi hiyo wanaweza kuwa Pythium, Phytophthora au Rhizoctonia. Maabara ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kule Puyallup ingeweza kutuambia, lakini hatukupeleka sampuli, kwa kuwa jibu lolote lingeturudisha kwenye beleshi lilelile. Dawa ya kuvu aliyoshauriwa dukani nilimkataza. Ingezuia uozo kwa wiki chache na kuyaacha maji palepale.

Matibabu

Gata kwanza. Tuliunga bomba la plastiki lililopeleka maji mita tatu mbali na nyumba, upande wa mteremko. Hilo pekee, nadhani, lilikuwa nusu ya kazi, na gharama yake ilikuwa chini ya mfuko mmoja wa magome.

Tuta tuliliinua. Mboji na udongo vilichanganywa kwa eneo zima, si ndani ya shimo la kila mmea, kwa sababu shimo lenye udongo laini katikati ya mfinyanzi hugeuka bakuli la kukusanyia maji. Kijana wake mmoja alitaka tuweke kokoto chini "ili maji yapite". Nilikataa, na wengi hubishia hili: maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wa juu ushibe kabisa, kwa hiyo kokoto chini inapandisha unyevu karibu na mizizi badala ya kuushusha. Kinachosaidia ni kimo. Tulilipandisha sentimita 25 hivi juu ya usawa wa ukoka.

Kugawanya mashina nilikuwa nimejiandaa kumfundisha. Alininyang'anya kisu. "Hii si ni kazi ya pareto, mwanangu," akasema, na kweli pareto hupandwa vivyo hivyo, kwa vipande vya mashina ya zamani. Alikata kila shina la katikati akifuata pembe, akatupa mbao na weusi wote, akaacha vipande vyenye machipukizi matatu hadi matano na mizizi myeupe. Nilichoongeza mimi ni kufuta kisu kwa spiriti kila baada ya shina moja, na kuhakikisha mabaki yaliyooza yanakwenda kwenye pipa la taka, si kwenye mboji. Aprili ni wakati mzuri wa kazi hiyo huku. Septemba nayo inafaa, ilimradi mizizi ipate wiki sita hivi za kushika kabla ardhi haijaganda.

Vipande vilipandwa kwa nafasi ya sentimita 50, shingo ikiwa usawa wa udongo au juu yake kidogo. Matandazo yalirudi, lakini membamba, sentimita nne, na kuzunguka kila mmea tukaacha nafasi ya upana wa kiganja bila kitu. Hili ndilo lililomtia mama mashaka kuliko yote. Mtu aliyelelewa kuamini kwamba udongo mtupu ni uzembe huona mmea usiofunikwa kama mtoto asiyevikwa. Mbolea ya nyasi ilikoma kuvuka mpaka. Vinyunyizio vya upande ule vilifungwa, na badala yake kiangazi akawa anamwagilia asubuhi, kwa mpira, mara moja kwa wiki, kwa wingi hadi chini.

Baadaye

Kiangazi cha kwanza baada ya kugawanya, maua yalikuwa machache na vikonyo vifupi. Mama hakufurahi. Alikata yaliyonyauka hadi kwenye jani lenye kichipukizi pembeni, na yakamletea awamu ya pili ndogo Agosti mwishoni. Oktoba alifyeka vikonyo vyote akaacha majani ya chini tu, na safari hii hakuyafunika.

Mwaka uliofuata tuta lilijaa tena, isipokuwa kona ya chini. Vipande viwili tulivyopanda pale kwa kujaribu, kimoja kilikufa Februari, kingine kilibaki na majani manjano. Hata bila maji ya paa, pale ndipo mteremko wa uwanja mzima unapoishia, na sidhani kuna kimo cha tuta kitakachobadilisha hilo bila kuchimba mfereji wa bomba chini ya ukoka, kazi ya gharama ambayo maua matatu hayaistahili. Tuliweka irisi za Siberia, zinazovumilia unyevu. Zinachanua mapema zaidi, Mei hadi Juni, kwa hiyo kona inapomaliza tuta linaanza.

Sasa mama anataka kupeleka deizi Uporoto kwa dada yake. Alifikiria kufunga vipande viwili kwenye gazeti na kuvitia sandukuni, nikamsihi asifanye hivyo. Mmea hai wenye udongo hauvuki mpaka bila kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania ina sababu nzuri ya kuwa kali, ukizingatia uozo tuliouona. Mbegu nazo zinahitaji karatasi zake, ila ni rahisi kuzisafirisha zikiwa safi. Lakini mbegu za 'Becky' hazizai 'Becky', na kuna jambo la mwanga pia. Kent mwezi Juni siku inakaribia saa 16, na deizi nyingi za Shasta hungoja siku zirefuke, nyingine zikitaka na baridi kwanza, ndipo zitoe maua. Mbeya siku ndefu kuliko zote haifiki saa 13. Usiku wa baridi wa Uporoto utasaidia kiasi, ila kwa mwanzo nilimwambia achukue 'Snow Lady', fupi, isiyofika goti, inayochanua kutoka kwenye mbegu mwaka uleule bila kungoja baridi. Aliitazama picha yake kwenye pakiti, akasema ni fupi mno, pareto gani hiyo. Alichukua pakiti mbili.